Kila Chakula Ni Dudu

Jumamosi, saa tisa mchana. Mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika, na sasa jua limewaka mpaka paa letu la nyasi linatoa mvuke. Naomi amelala mkekani. Amelala akiwa ameshiba, na ndiyo maana nimechukua daftari hili kabla hata sijaosha vyombo.

Nina furaha na nina aibu. Nitaanza na aibu, maana furaha haina haraka.

Mimi ndiye Bibi Maendeleo wa kijiji hiki. Nimeletwa hapa Lituhi, kando ya ziwa, kufundisha kina mama wa ujamaa namna ya kulisha watoto wao, ili wasiwe na matumbo makubwa na miguu myembamba. Nina picha tatu za kutundika ukutani, nina fimbo ya kuonyeshea, na nina sauti ambayo mume wangu anasema inafika Mbuji kule milimani bila kupanda gari. Watu wananisikiliza. Nikisema mtoto ale samaki, maharagwe na majani kila siku, wanaitikia kwa pamoja kama wako kanisani.

Na mtoto wangu mwenyewe, mwenye mwaka mmoja na miezi minane, hajaongezeka uzito kwa miezi mitatu.

Nimeiandika. Sijawahi kuiandika kabla ya leo.

Tangu nimwachishe ziwa, Naomi anakula vitu vitatu tu: uji mweupe, ugali mtupu na chai. Ukimwonyesha samaki anafumba mdomo na kugeuza shingo. Ukimwonyesha matembele anafanya hivyohivyo. Papai akalitema kwenye gauni langu la mikutano. Mwuguzi wa kliniki aliiangalia kadi, akaniangalia mimi, akaiangalia tena kadi. Afadhali angenigombeza.

Kwetu Usambara mtoto akiachishwa anapewa maziwa na maharagwe ya kupondwa, basi, anakua. Hapa maziwa sijayaona. Maharagwe yanashuka na lori kutoka milimani Umatengo, na mvua hizi zimekata barabara. Kilichopo ni ziwa. Kuna usipa, hawa samaki wadogo wa urefu wa kidole, ambao asubuhi ukipita ufukweni unakuta wameanikwa mpaka mchanga wote unameta. Hapa hakuna mtoto wa kukosa chakula, labda awe mtoto wa Bibi Maendeleo.

Wiki mbili zilizopita Baba Naomi, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, aliniambia kwamba shule ikifungwa atampeleka mtoto Usambara kwa mama yake, akae huko mpaka apate mwili. Aliniambia kwa upole kabisa, huku anasahihisha madaftari. Shule inafungwa Ijumaa ijayo. Nilisema sawa, nikatoka nje kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi.

Ninamjua mama mkwe wangu. Atamlea vizuri, hilo sina shaka nalo. Mtoto atanenepa, ataongea Kisambaa kizuri, na siku nitakayokwenda kumchukua atanificha uso kwenye khanga ya bibi yake na kuniita shangazi. Nisingeweza kuvumilia. Kwa hiyo nilijipa wiki hizi mbili, na nikasema mimi si mtu wa kushindwa na mdomo wa mtoto mmoja.

Nilifanya yote ninayofundisha. Nilimpa bakuli lake peke yake, jekundu. Nilimkalisha pamoja na watoto wa jirani aone wenzake wanavyokula. Nilimwimbia. Nilikausha usipa, nikawatwanga kwenye kinu mpaka wakawa unga, nikauficha unga kwenye uji. Siku mbili akanywa. Nikatamba mbele ya Baba Naomi kama mtu aliyevuka mto uliofurika. Siku ya tatu unga haukutwangika sawasawa, Naomi akakuta jicho dogo jeusi kwenye kijiko. Akalinyooshea kidole.

"Dudu!"

Na uji nao ukaingia kwenye orodha ya vitu visivyolika. Siku mbili nzima alikuwa anaishi kwa chai na ugali mtupu.

Sasa, hilo neno. Lazima nilieleze, maana ndilo kesi yenyewe.

Mtoto alipoanza kutambaa, nilifanya wanavyofanya mama wote ninaowajua. Akikaribia moto, "Dudu!" Akishika kisu, "Dudu hilo!" Akielekea majini, "Huko kuna dudu!" Ni neno zuri. Ni fupi, mtoto analielewa upesi, anarudisha mkono, na mama anaendelea na kazi yake. Nililipenda kupita kiasi. Akiokota usipa mbichi ufukweni wenye mchanga, dudu. Aking'oa jani la matembele bustanini, dudu, nisije nikahangaika na kuhara. Papai lililodondoka chini, dudu. Karanga kwenye ungo wa jirani, dudu, asije akapaliwa. Yaani kila kitu cha hapa kilichokuwa karibu na mkono wake nilikibatiza mimi mwenyewe, halafu nikastaajabu kwamba amelishika jina hilo.

Sikuligundua hilo kwa akili zangu. Nilifedheheshwa kwanza.

Jumatano nilikuwa na onyesho la mapishi chini ya kibanda cha kijiji. Kina mama walijaa, na mwenyekiti alikuja akasimama nyuma. Nilipika usipa kwa nyanya na karanga, pembeni matembele, harufu yenyewe ilikuwa nzuri. Nikaeleza rangi ya kila chakula na kazi yake mwilini. Kisha, kwa kiburi changu, nikampakata Naomi ili nimlishe kijiko cha kwanza mbele ya watu wote. Nilidhani umati utamtia aibu afungue mdomo. Akakitazama kijiko, akapiga kelele kwa sauti aliyoirithi kwangu, "Dudu! Dudu! Dudu!" Mtoto mwingine, ambaye alikuwa anakula vizuri kabisa, akaanza kulia na kutupa chake.

Kina mama walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja akauliza, kwa heshima zote, "Bibi Maendeleo, kwani kwenu samaki ni dudu?"

Nilicheka nao, ningefanyaje. Lakini jioni ile nilimshika Naomi mkono tukazunguka nyumba, nikimwonyesha kitu kimojakimoja na kumwuliza hiki nini. Ndizi mgombani? Dudu. Maboga? Dudu. Kisamvu, dudu. Usipa kwenye kamba, dudu. Kopo la majani ya chai kutoka dukani? "Chai!" akasema, akatabasamu. Mwanangu anajua chakula ni kile kinachotoka kwenye kopo. Nilikaa kizingitini nikashika kichwa.

Alhamisi na jana nilijitahidi kulifuta. Nilisema, si dudu, ni samaki, sema sa-ma-ki. Akasema "samaki" vizuri sana, kisha akasogeza bakuli mbali kwa mkono wa kushoto. Jina jipya alilipokea, chakula hakukipokea. Jana jioni nilianza kukunja nguo zake ndogo na kuziweka kwenye sanduku la Baba Naomi. Sikulia. Nilikunja tu.

Sasa nifike leo.

Tangu asubuhi kulikuwa na moshi juu ya ziwa, mrefu, mweusi, unatembea. Mgeni angedhani meli inaungua. Mimi nimeshakaa hapa mwaka na nusu, najua kwamba si moshi, ni wale wadudu wadogo wa ziwani ambao wenyeji wanawaita kungu. Wanapanda kutoka majini kwa mamilioni, na upepo ukiwasukuma nchi kavu kina mama wanatoka mbio na vikapu na sufuria walizozipaka maji, wanavizungusha hewani, na kungu wananasa humo. Kisha wanawaponda, wanawafinyanga kama andazi jeusi, wanawachoma au wanawaanika. Watu wanapenda chakula hicho sana. Watoto wanagombania.

Jirani yetu, Mama Filotea, huniletea kila mara. Ni mtu mzima, wajukuu wake wengine ni wakubwa kuliko dada yangu, na ndiye aliyenipokea siku ya kwanza tuliposhuka hapa na masanduku yetu yakiwa yamelowa. Huniletea kungu, usipa waliokauka, boga, chochote walichopata kwake. Mimi hupokea kwa mikono miwili, hupiga goti, hushukuru. Akishaondoka, mimi hupita nyuma ya nyumba na kuwamwagia kuku.

Ndiyo. Mwaka na nusu.

Usipa huwa nawapikia watu kwenye maonyesho, nawasifia, nawaeleza kazi yao mwilini. Mimi mwenyewe sijawahi kuwala. Nilipofika hapa harufu ilinishinda, nikajiambia nitazoea, na sikujaribu hata siku moja. Chakula changu mimi ni chai, mkate ukipatikana, wali ukipatikana, na ugali kwa kachumbari. Baba Naomi vilevile. Tunakula kama watu walioko stesheni wakingoja treni ya kuwarudisha kwao. Na mtoto amebebwa mgongoni mwangu kila safari ya nyuma ya nyumba, anaona kuku wanavyogombania, anajua hicho chakula ni cha nani.

Leo Mama Filotea alikuja saa sita hivi na andazi la kungu kwenye jani la mgomba, bado la moto, na usipa wachache waliokaangwa kwa chumvi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba. Nikanyoosha mikono kupokea. Hakunipa. Alikaa mkekani karibu na Naomi, akanyoosha miguu.

"Kuku wako wamenenepa sana, mwanangu," akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayezungumzia mvua, kisha akaniacha na aibu yangu na kumgeukia mtoto. Akamega kipande cha kungu, akamwonyesha.

"Hiki nini, mama?"

"Dudu!" Naomi akasema, akarudi nyuma.

Nikaanza kusema, si dudu, Naomi, ni... Mama Filotea akaninyamazisha kwa kiganja.

"Eee, dudu," akamwambia mtoto. "Umejua kweli. Hili dudu hasa. Dudu tamu!" Akakitia kinywani, akatafuna taratibu, macho ameyafumba, na mikufu yake ya rozari inacheza kifuani.

Sijawahi kuona uso wa mtoto ukishangaa namna ile. Kwanza hakuna aliyewahi kumkubalia. Halafu bibi mzima amekula dudu na hajafa, tena analamba vidole. Naomi akasogea. Akaangalia jani la mgomba. Kisha akafanya jambo ambalo nadhani alikuwa akilifanya siku zote na mimi sikuliona, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye kijiko.

Aliniangalia mimi usoni.

Alingoja kuona mimi ninasema nini, na si kwa mdomo. Mama Filotea naye akaniangalia. Akamega kipande kingine, akaniletea.

Niseme ukweli, nilitafuta njia ya kukikwepa. Nilifikiria kusema nimefunga. Nilifikiria kusema jino linauma. Kisha nikafikiria sanduku, na nguo ndogo zilizokunjwa ndani yake, na Ijumaa. Nikapokea nikala.

Ni chumvichumvi. Kina ladha ya moshi na ya udongo baada ya mvua, na nyuma yake mafuta kidogo, kama mayai ya samaki. Kipande cha kwanza nilikimeza kwa nguvu ya wizara iliyonileta. Cha pili nilikitafuna. Cha tatu, sitamwambia mtu, nilikichukua mwenyewe bila kupewa. Uso wangu ulikuwa umekunjuka bila mimi kuuamuru, na nadhani hicho ndicho Naomi alichokuwa anakitafuta.

Naomi akafungua mdomo. "Dudu," akasema, safari hii anaomba.

Alikula. Alikula kipande, akakunja uso, akafikiri, akakimeza. Akanyoosha mkono kwa usipa. "Dudu." Akala mmoja, kichwa na mkia, mgongo ukivunjika kati ya meno yake manne ya mbele. Akala wa pili. Nikaingia ndani mbio kuchukua yale matembele niliyoyapika kwa kujaribia somo la Jumatatu, nikala kijiko kimoja mbele yake, nikamwambia hili nalo ni dudu, dudu la kijani. Akala vijiko vitatu. Cha nne akakitema, na nikamwacha, maana nami kwa leo nilikuwa nimetosheka.

Hapo ndipo nililia. Mama Filotea alinipiga mgongoni kama anayembeulisha mtoto mchanga, akasema kwamba yeye alipoolewa akapelekwa milimani Mapera kwa wakwe, alikaa mwezi mzima hali maharagwe, akidhani yatamfanya mweusi kama wao. Tulicheka mpaka Naomi naye akacheka bila kujua kinachochekesha.

Baba Naomi alirudi saa nane kutoka kwenye masomo ya ziada ya Jumamosi, chaki bado mikononi. Naomi alikuwa ameshika usipa wa mwisho, amemlowesha mzima kwa mate. Akamfuata baba yake mlangoni, akanyanyua mkono kadiri ulivyoweza kufika. "Dudu, baba." Nilimwona mume wangu anavyousogeza uso pembeni kidogo tu, kama mtoto, kama mimi. Nikamwambia, kwa sauti ile ya Mbuji, kwamba amfikirie vizuri huyo anayemlisha kabla hajageuza shingo.

Aliinama, akampokea usipa kwa mdomo. Akatafuna akiwa amesimama vilevile, mkoba begani. Ilichukua muda.

Kisha nikamweleza yote, na kuku nikawataja. Hakunicheka wala hakunigombeza. Alisema mlo mmoja haupandishi mizani, na ni kweli, mimi mwenyewe hufundisha hivyo. Halafu akaingia chumbani. Nilisikia sanduku linafunguliwa, nikangoja. Alitoka na rundo la nguo ndogo, akanikabidhi, akasema likizo hii mama yake ataandikiwa barua tu, na je, usipa kama hao tunawapata wapi. Nikamjibu kwamba wapo kila asubuhi, hatua mia mbili kutoka anapolala. Akajikuna kichwa akatoka kurudi shuleni.

Basi, hiyo ndiyo furaha. Sijaimaliza vizuri, maana imeniletea kazi mpya. Kabla Naomi hajalala alimwona siafu anapita kizingitini. Akapiga kelele za furaha, "Dudu!", akamkimbilia amefungua mdomo. Nilimdaka mguu mmoja. Lile neno langu zuri, fupi, ambalo lilikuwa linafanya kazi yote peke yake, limeshakuwa jina la chakula cha mchana.

Nilikwenda uani kwa Mama Filotea nikamwuliza. Wao hapa, watoto wao wanawatishaje ili wasiguse kitu kibaya? Wana neno gani?

Alikuwa anaanika kungu waliobaki. Alinitazama kama hajaelewa swali.

"Neno la nini, mwanangu? Sisi moto tunauita moto. Mamba tunamwita mamba."

Nimekaa na jibu hilo tangu wakati ule. Nina shule ya miaka mingi, nina picha za ukutani, na sijawahi kumwambia mwanangu kwamba moto ni moto. Jumatatu nitawaambia kina mama habari za kuku wangu, wote, mwenyekiti akiwa amesimama nyuma kama anataka. Naona wataniamini zaidi wakinijua. Lakini kwanza nina mwanafunzi mmoja wa kuzunguka naye nyumba hii upya, kitu kimojakimoja, kila kimoja na jina lake.

Kesho tunaanzia jikoni.